Baipola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu aina zake na dalili zake

Mimi si daktari. Kaka yangu mkubwa ana baipola aina ya kwanza, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeongozana naye kliniki, jamaa na marafiki wamezoea kuniletea maswali yao: mwanangu halali, mke wangu amebadilika, mimi mwenyewe sijielewi. Maswali hujirudia, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu niliyoyapata kwa kusoma na kwa kukaa sana kwenye benchi nikisubiri daktari. Yatakusaidia kuelewa unachokiona. Hayatoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili.

Baipola ni ugonjwa gani hasa?

Ni ugonjwa wa akili unaomtoa mtu katika hali yake ya kawaida na kumpeleka pande mbili. Upande mmoja ni mania, ambapo nguvu, mawazo na msisimko hupanda kupita kiasi. Upande wa pili ni sonona, ambapo vyote hivyo huporomoka. Katikati ya vipindi hivyo wengi hurudi kuwa wale wale tuliowazoea: wanakwenda kazini, wanatania, wanakumbuka madeni yao.

Watu huuita ugonjwa wa furaha na huzuni. Kwangu mimi ungefaa zaidi kuitwa ugonjwa wa nguvu na usingizi, kwa sababu mania inaweza kuwa kali sana bila chembe ya furaha ndani yake. Mtu akawa na hasira tu, tena hasira ya kuwaka kwa neno moja. Hata mwongozo wa uchunguzi unaotumiwa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, unataka mambo mawili yaonekane pamoja: hisia zibadilike, na nguvu au shughuli za mtu ziongezeke waziwazi.

Si ugonjwa wa nadra. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wanaishi nao.

Kila mtu ana siku nzuri na siku mbaya. Nitajuaje kwamba hii si kawaida?

Hesabu siku, kisha mlinganishe mtu na yeye mwenyewe.

Kuhusu siku: furaha ya kufaulu mtihani hupoa baada ya siku moja au mbili, na hasira ya ugomvi huisha watu wakipatana. Kipindi cha baipola kinaweza kuanza bila sababu ya kuonekana, na kikishaanza hakitulizwi na habari njema wala mbaya. Mania huhesabiwa kuwa mania ikidumu angalau siku 7, karibu kutwa nzima, karibu kila siku. Ila ikiwa kali hadi mtu akalazimika kulazwa, siku hazihesabiwi tena. Haipomania, yaani kupanda kusikofikia ukali wa mania (nitaieleza chini), ni angalau siku 4. Sonona ni angalau wiki mbili.

Kuhusu kumlinganisha: wapo watu ambao tangu utotoni ni wasemaji, wachangamfu, wenye mipango kumi kwa wakati mmoja. Hao ndivyo walivyo. Cha kutia wasiwasi ni mtu mpole, mwenye kupima maneno, ambaye ghafla hawezi kunyamaza. Ndiyo maana daktari akipata nafasi atauliza watu wa nyumbani, maana wao ndio wanaojua mtu huyo yukoje akiwa mzima.

Mania inaonekanaje?

Nitaanza na usingizi, kwa sababu kwa kaka yangu ndio hutangulia. Si kwamba anakosa usingizi. Mtu aliyekosa usingizi huamka amechoka, macho mekundu, analalamika. Kaka analala kwa muda wa saa mbili tu na kuamka kama mtu aliyepumzika wiki nzima. Hahitaji kulala. Hiyo ni tofauti ndogo kwa maneno, lakini daktari huishikilia sana, na wewe ishikilie.

Kisha hufuata maneno. Anazungumza haraka, huwezi kuingiza lako, na mada zinarukiana: ameanza na bei ya tairi, ameingia kwenye siasa, amemalizia na wazo la kufungua shule. Ukimfuatilia kwa makini utaona kiungo kati ya wazo na wazo, ila kinapita kwa kasi mno. Nina daftari lake moja la mwaka ule alipolazwa mara ya kwanza. Kurasa za mwanzo mwandiko ni mdogo, umenyooka. Kadiri kurasa zinavyosonga, herufi zinakua, mistari inapinda, pembeni kunajaa mishale na namba za simu, na ukurasa wa mwisho una maneno matatu tu yaliyoandikwa kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi. Yote hayo yaliandikwa ndani ya siku tisa.

Dalili nyingine ambazo madaktari huzitafuta ni kujiona mkubwa kupita uhalisia, umakini unaovutwa na kila kitu kidogo, shughuli nyingi zisizopumzika, na mambo ya hatari yanayofanywa bila kufikiri: kumaliza akiba kwa siku moja, kukopa ovyo, ngono isiyo ya tabia yake, kuendesha gari kama mwendawazimu, kuacha kazi kwa barua ya hasira. Kati ya dalili zote hizi, zikiwemo za usingizi na maneno, zinatakiwa angalau tatu juu ya ile hali yenyewe ya kupanda. Kama hisia ni ya hasira tu bila furaha, zinatakiwa nne.

Na hali hiyo iwe imeharibu kitu. Kazi, ndoa, fedha, au usalama wa mtu.

Na haipomania? Ni mania ndogo?

Dalili ni zile zile, ukali ndio tofauti. Watu wa karibu wanaona kwamba amebadilika, lakini maisha hayajavunjika: kazini anakwenda, hajalazwa, na hana saikosisi, yaani hasikii sauti zisizokuwepo wala haamini mambo yasiyowezekana. Saikosisi ikiingia tu, hiyo inahesabika kuwa mania, hata kama mengine yote yanaonekana madogo.

Tatizo la haipomania ni kwamba ni tamu. Mtu anafanya kazi ya watu watatu, anapendeza, ana majibu ya haraka, wakubwa wake wanamsifu. Nani ataenda hospitali kulalamika kwamba anajisikia vizuri? Wengi huielewa miaka baadaye, daktari anapowauliza swali hili: je, umewahi kuwa na siku kadhaa ambazo watu walikuambia hukuwa wewe?

Kuna aina ngapi za baipola?

Tatu ndizo husikika zaidi.

Aina ya kwanza inahitaji mania moja tu katika maisha yote. Moja inatosha. Wengi wenye aina hii hupata pia sonona, tena mara nyingi, lakini sonona si sharti la kupewa jina hilo.

Aina ya pili inahitaji vyote viwili: angalau haipomania moja na angalau kipindi kimoja kamili cha sonona, na pasiwe na mania hata mara moja. Siku mania ikitokea, jina linabadilika kuwa aina ya kwanza na halirudi nyuma.

Ya tatu ni saiklothimia. Hapo mtu anapanda kidogo na kushuka kidogo kwa angalau miaka miwili (kwa watoto na vijana, mwaka mmoja), bila kufikia vipimo kamili vya haipomania wala vya sonona. Dalili zipo angalau nusu ya muda huo, na hapati mapumziko ya zaidi ya miezi miwili mfululizo. Watu hawa mara nyingi huambiwa tu wana tabia ngumu au hawatabiriki, na miaka hupita hivyo hivyo. Baadhi yao baadaye huingia aina ya kwanza au ya pili.

Mbali na hizo, kuna hali zinazofanana na baipola lakini chanzo chake ni kingine: dawa za kulevya kama kokeini na amfetamini, dawa za steroidi, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, au ugonjwa wa ubongo. Ndiyo maana daktari mwangalifu atakupima damu na kukuuliza dawa zote unazotumia kabla hajasema lolote.

Kwa hiyo aina ya pili ndiyo nyepesi?

Hapana, na dhana hii imewaumiza wengi. Wanaopewa jina la aina ya pili huambiwa washukuru. Sasa tazama. Timu moja ya watafiti nchini Marekani iliwafuatilia wagonjwa wiki kwa wiki kwa zaidi ya miaka 10, na matokeo yakachapishwa 2002 na 2003. Wenye aina ya kwanza walikuwa na dalili karibu nusu ya wiki zote, na wiki za sonona zilizidi za mania na haipomania zaidi ya mara tatu. Wenye aina ya pili walitumia takribani nusu ya wiki zao zote ndani ya dalili za sonona, huku haipomania ikichukua kama asilimia 1 tu.

Soma tena hiyo ya mwisho. Kitu kinachoipa aina ya pili jina lake kinachukua sehemu ndogo kabisa ya maisha ya mgonjwa. Muda uliobaki wa ugonjwa ni sonona. Mwimbaji Mariah Carey, aliyetangaza mwaka 2018 kwamba ana aina hii, alieleza kuwa kwa muda mrefu alidhani shida yake ni ya usingizi tu.

Aina ya pili si ngazi ya kuelekea ya kwanza wala punguzo lake. Inatesa kwa upande mwingine.

Sonona ya baipola ina tofauti gani na sonona ya kawaida?

Ukimtazama mtu siku hiyo moja, huenda usione tofauti yoyote. Moyo umekufa ganzi, vitu alivyovipenda havina ladha, hamu ya kula imepotea au imezidi, mwili mzito, umakini hakuna, anajilaumu, anafikiria kifo. Asubuhi moja nilimkuta kaka ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Nikaenda kufanya shughuli zangu. Niliporudi baada ya karibu saa nzima, soksi ilikuwa bado mkononi. Nikamuuliza, "Kaka, vipi?" Akasema, "Mdogo wangu, nimesahau kinachofuata." Hakuwa analia. Watu wengi wanasubiri machozi ndipo waamini kwamba mtu anaumwa sonona.

Zipo dalili zinazomfanya daktari ashuku kwamba nyuma ya sonona kuna baipola: sonona ilianza mapema, kabla ya miaka 25; imejirudia mara nyingi; mtu analala kupita kiasi na kula kupita kiasi badala ya kukosa; kuna saikosisi; ilianza baada ya kujifungua; kuna ndugu wa damu mwenye baipola; au dawa za sonona zilimpandisha ghafla akawa hashikiki. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha peke yake.

Tofauti hii si ya majina tu. Dawa za sonona zikitumiwa peke yake kwa mtu mwenye baipola, hasa aina ya kwanza, zinaweza kumsukuma kwenye mania. Kama umewahi kuwa na siku za kupanda, mwambie daktari hata kama hajakuuliza.

Mtu anaweza kuwa juu na chini kwa wakati mmoja?

Anaweza. Huitwa kipindi cha mchanganyiko, na ndicho ninachokiogopa kuliko vyote. Mawazo yanakimbia, mwili hautulii, usingizi hakuna, na katikati ya yote hayo kuna kukata tamaa. Mtu aliye kwenye sonona nzito anaweza kukosa hata nguvu ya kujidhuru. Aliye kwenye mchanganyiko anaweza kuwa na nia ya kujidhuru, na nguvu anazo.

Ukimwona mtu analia huku anazunguka chumba, anasema maneno mia kuhusu jinsi ambavyo yeye ni mzigo, usimwache peke yake.

Mimi hisia zangu hubadilika mara tano kwa siku. Je, nina baipola ya mzunguko wa haraka?

Pengine sivyo. Mzunguko wa haraka maana yake ni vipindi 4 au zaidi ndani ya miezi 12, kila kipindi kikitimiza siku zake. Ni haraka kwa kalenda, si kwa saa.

Kubadilika mara kadhaa kwa siku, hasa baada ya ugomvi au hofu ya kuachwa, kunaweza kutokana na mambo mengine, yakiwemo matatizo ya haiba, majeraha ya zamani ya moyoni, au kukosa usingizi tu. Hilo halimaanishi kwamba huumwi. Maana yake ni kwamba tiba yako huenda ikawa nyingine, na daktari anahitaji kusikia habari yako yote badala ya neno baipola ulilokwenda nalo.

Anasikia sauti. Si hiyo ni skizofrenia?

Skizofrenia ni ugonjwa mwingine wa akili ambao hujulikana kwa saikosisi, lakini saikosisi si mali ya ugonjwa mmoja. Katika mania kali mtu anaweza kuamini kwamba ameteuliwa, ana uwezo wa pekee, au anafuatiliwa na watu wakubwa kwa sababu ya siri aliyonayo. Katika sonona kali anaweza kuamini kwamba ameoza ndani, amefilisika wakati fedha zipo, au ametenda kosa ambalo hakulitenda. Unaona jinsi imani hizo zinavyofuata rangi ya hisia.

Katika baipola, saikosisi huja na kipindi na huondoka nacho. Ikibaki kwa wiki kadhaa wakati hisia zimetulia, daktari ataanza kufikiria skizofrenia au hali iliyo kati ya hizo mbili. Kwenye wodi, siku ya kwanza, hata daktari mzoefu anaweza asijue ni ipi. Kaka yangu alipewa majina mawili tofauti ndani ya mwaka mmoja. Nilikasirika sana wakati ule. Sasa naelewa kwamba ugonjwa huu unasomwa kama mkanda wa video, na yeye walikuwa wamemwona picha moja moja.

Huanza umri gani?

Kwa wengi, kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini. Watoto wanaweza kuupata, lakini kumchunguza mtoto ni kazi ya mtaalamu wa watoto, kwa sababu mtoto mwenye hasira za kudumu au asiyetulia darasani kwa kawaida ana jambo lingine. Mania ya kwanza kabisa baada ya miaka 50 ni sababu ya kutafuta kwanza ugonjwa wa mwili au dawa iliyoileta.

Ni wa kurithi?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, lakini si kama kurithi shamba. Pacha wa kufanana kabisa wakiwa wawili na mmoja ana baipola, uwezekano wa mwenzake kuupata ni kati ya asilimia 40 na 70. Wangekuwa wanaurithi moja kwa moja, ingekuwa 100. Kwa mtoto au ndugu wa damu wa mgonjwa, makadirio ya kawaida ni asilimia 5 hadi 10, yaani walio wengi hawaupati. Hakuna jeni moja la baipola. Yapo mengi, kila moja likiongeza kidogo.

Mama hakuuleta kwa malezi mabaya. Hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko maswali yote.

Nini huchochea kipindi kipya?

Usiku wa kukesha. Kwa baadhi ya watu usiku mmoja tu wa kutolala, kwa safari, zamu ya kazi, mtihani au mtoto mchanga, unaweza kufungua mlango wa mania. Kisha kuacha dawa ghafla, pombe na dawa za kulevya, msongo mkubwa, na ile niliyoitaja ya dawa za sonona.

Kujifungua kunastahili aya yake. Mwanamke mwenye baipola, hasa aina ya kwanza, yuko katika hatari kubwa ya kuugua tena katika wiki za mwanzo baada ya kuzaa, na saikosisi ya uzazi mara nyingi huzuka ndani ya wiki mbili za kwanza. Inapanda kwa kasi ya kutisha: asubuhi mama ana wasiwasi kidogo, usiku hamtambui mtoto wake. Mpango wa dawa na wa usingizi upangwe na daktari kabla ya mimba au mapema ndani yake. Valproeti, mojawapo ya dawa za baipola, haifai kwa mimba kwa sababu inamdhuru mtoto tumboni, ila hakuna anayepaswa kuiacha kimyakimya bila kuongea na daktari.

Kwa nini ugonjwa huu huchelewa kugunduliwa?

Kwa sababu mtu huenda hospitali akiwa chini, si akiwa juu. Daktari anaona sonona, anaandika sonona. Haipomania ya miaka mitatu iliyopita haitajwi, maana mgonjwa anaikumbuka kama kipindi chake bora cha maisha. Hivyo miaka hupita, kwa wengi mingi.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha baipola. Vipimo hufanywa kuondoa magonjwa mengine. Baipola yenyewe hupatikana kwa historia, na historia nzuri huletwa na watu wawili: mgonjwa na anayeishi naye.

Niende kwa daktari na nini?

Karatasi moja. Chora mstari wa miaka yako na uweke alama pale ulipopanda na pale uliposhuka, ukiandika ulilala kwa muda wa saa ngapi, ilidumu siku ngapi, na nini kiliharibika. Ongeza dawa ulizowahi kutumia na zilivyokufanya, na ndugu waliowahi kuugua akili, kulazwa au kujiua, hata wale ambao nyumbani hawazungumzwi.

Nenda na mtu. Na kama unaweza, kwa wiki mbili kabla ya miadi andika kila asubuhi saa ulizolala na namba kutoka 1 hadi 10 ya nguvu ulizonazo. Kaka alidharau zoezi hili. Daktari wake wa sasa alitazama namba zile kwa dakika mbili, akauliza maswali mawili, akabadilisha dozi.

Jina lenyewe limetoka wapi?

Waganga wa Ugiriki ya kale walishaona kwamba mania na huzuni nzito zinaweza kumpata mtu yule yule. Miaka ya 1850 Wafaransa wawili, Jean-Pierre Falret na Jules Baillarger, waliueleza kama ugonjwa mmoja wenye pande mbili, wakagombania ni nani aliyetangulia. Mwaka 1899 Mjerumani Emil Kraepelin aliuita wazimu wa mania na sonona. Jina la baipola, lenye maana ya ncha mbili, likaingia rasmi katika mwongozo wa Marekani mwaka 1980. Mimi silipendi sana, kwa sababu linaficha kwamba ncha hizo mbili zinaweza kukutana.

Unatibika?

Hauponi kama malaria inavyopona, lakini unadhibitiwa, na wengi wanaishi miaka mingi bila kulazwa. Dawa kongwe ni lithiamu, ambayo John Cade wa Australia alieleza matumizi yake katika mania mwaka 1949. Mpaka leo ni miongoni mwa dawa zenye ushahidi mzuri zaidi wa kuzuia vipindi vipya na kupunguza vifo vya kujiua. Ina masharti: damu hupimwa ili kiwango chake kibaki kwa kawaida kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, na figo na thairoidi huangaliwa mara kwa mara. Ukiharisha, ukitapika au ukipungukiwa maji mwilini, kiwango hupanda. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, nayo hukipandisha, jambo ambalo wauzaji wa dawa hawakuambii usipowauliza. Mikono ikitetemeka kupita kawaida, ulimi ukawa mzito na hatua zikayumba, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Zipo pia valproeti, lamotrijini, kuetiapini, olanzapini na nyingine. Lamotrijini hupandishwa polepole kwa sababu inaweza kuleta upele wa hatari. Tiba ya mazungumzo husaidia ikiambatana na dawa, hasa ile inayofundisha kulinda usingizi na kutambua dalili za mwanzo.

Lini ni dharura?

Akizungumzia kufa au kuaga watu, akigawa vitu vyake, akisikia sauti zinazomwamuru, akiwa hajalala siku mbili au tatu na bado anapanda, akitishia mtu, au akiacha kabisa kula na kunywa. Usisubiri miadi. Mpeleke hospitali iliyo karibu, na ondoa karibu naye dawa zilizolimbikizwa na vitu vya kujidhuru. Kumuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo.

Nikiona ameanza kupanda, nimwambie nini?

Usimwambie "umeanza tena wazimu wako." Akiwa juu hajioni mgonjwa, kutojiona ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, wala si ukaidi. Ukibishana na mipango yake atashinda, maana ana nguvu kukuzidi na hachoki. Zungumzia kile ambacho hata yeye anakiona: saa alizolala.

Njia iliyotusaidia sisi ni kuzungumza wakati akiwa mzima. Tuliketi mezani siku moja, yeye akaandika kwa mkono wake mambo manne: nikipata usingizi usiofika muda wa saa nne kwa usiku mbili mfululizo, mdogo wangu ampigie daktari, kadi ya benki nimpe yeye, nisiendeshe gari, nikikataa, nionyeshwe karatasi hii. Akasaini, nami nikasaini. Imebandikwa ndani ya mlango wa kabati lake la nguo. Nimeifungua mara mbili. Mara ya kwanza aliichana vipande viwili, akanitukana, kisha jioni akanipa kadi. Mara ya pili aliisoma kimya, akauliza, "Daktari yupo leo?"